Safu mbili na penseli: jinsi ya kupima mageuzi ya msaada wa kodi ya nyumba

Mdogo wangu alinipigia simu saa nane za usiku. Kwake Ohio ilikuwa jioni tu, lakini yeye hajali mambo hayo. Tangu tukiwa watoto kambi ya polisi Nsambya, akiwa na jambo lake lazima nyumba nzima iamke. Ilikuwa Mei 2025, na alikuwa amesikia kanisani kwamba bajeti aliyoipeleka rais wa Marekani inataka kubadilisha msaada wa kodi za nyumba: fedha zipelekwe kwa majimbo kwa mkupuo, na mtu mzima mwenye nguvu za kufanya kazi asaidiwe miaka 2 tu, basi.

"Dada, wewe ulikuwa mtu wa hesabu serikalini. Hizo pesa wanazosema zitaokolewa, zipo kweli?"

Nilipapasa miwani, nikachukua daftari la hesabu la mjukuu wangu, lile lenye miraba, tukaanza. Tangu usiku ule nimeshaulizwa swali hilohilo na diwani mmoja wa hapa Tororo, Uganda, tena na kijana wa chuo aliyepewa kazi na mwalimu wake. Nimechoka kurudia kwa mdomo. Naandika njia ninayoitumia, na inafanya kazi kwa dola kama kwa shilingi. Unahitaji daftari, simu yenye kikokotoo, na penseli. Kalamu ya wino iweke kando, maana utafuta sana.

Jambo moja kabla hatujaenda mbali. Neno "kodi" hutuchanganya, kwa kuwa linabeba ya nyumba na ya serikali pamoja. Watanzania wana "pango" lao, wametulia. Hapa nikisema kodi ni ya nyumba. Ile ya serikali nitaiita ushuru.

Fuata shilingi inakopita

Usipige hesabu ya mageuzi kabla hujajua pesa zinatoka mfuko gani na zinaingia mfuko gani. Kwa vocha ya Marekani, yaani hati ya serikali inayomsaidia mpangaji kulipa kodi kwa mwenye nyumba, njia ni hii: mpangaji hutoa asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato, serikali humlipa mwenye nyumba kilichobaki, mradi kodi haizidi kiwango kilichowekwa kwa eneo lile. Zamani mpangaji alitoa asilimia 25. Sheria ya 1981 ndiyo iliyopandisha hadi 30. Kaya zaidi ya milioni 2 zinatumia vocha hizo, mbali na wanaokaa katika nyumba za umma, mpango ulioanza 1937, na wale ambao msaada wao umefungwa kwenye jengo lenyewe.

Hapa Uganda serikali haimlipii mwananchi wa kawaida kodi. Tunazo nyumba za kambi, nyumba za walimu na wauguzi, na zamani zile nyumba za watumishi ambazo ziliuzwa miaka ya 1990 kwa waliokuwa wanakaa ndani. Sisi wengine tuko kwenye mizigo. Kampala chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo, na mwenye Kiswahili akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza hucheka, mpaka tarehe 30 ifike.

Chora safu mbili

Safu ya kushoto iandike "Tusipogusa". Ya kulia, "Tukigusa". Akiba ni tofauti kati ya hizo mbili kwa mwaka uleule. Watu wengi hukosea hapa kwa kulinganisha mwaka ujao na mwaka jana.

Chukua mfano. Mwaka jana fungu la kodi za watumishi lilikuwa milioni 100. Kodi zinapanda, kwa hiyo mwaka huu kuwahudumia watu walewale katika nyumba zilezile kungehitaji milioni 108. Serikali inatoa 104. Mkubwa anasimama redioni, "tumeongeza milioni 4." Mpinzani anamjibu, "mmekata milioni 4." Hakuna aliyedanganya. Mmoja anatazama mwaka jana, mwenzake anatazama safu ya kushoto, na wewe mwenye daftari unakaa upande wa safu ya kushoto.

Kupanda kwa kodi ukikadirie vipi? Kwetu Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inamzuia mwenye nyumba kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, basi mimi sivuki hapo hata nikiwa na hasira. Kwa Tororo natumia 5. Cha muhimu ni kutumia kiwango kilekile katika safu zote mbili. Nimeona mahesabu ambayo kushoto kodi inapanda kwa 8 na kulia kwa 3, na akiba yote imetoka kwenye hiyo 5 ya katikati.

Piga hesabu ya mlango mmoja

Usianze na mabilioni. Anza na mlango mmoja, wenye mtu ndani.

Nilimuuliza mdogo wangu kipato cha jirani yake, kwa sababu chake hataki kunitajia. Baada ya makato ya watoto tukafika dola 1,500 kwa mwezi. Kodi ni 1,200. Asilimia 30 ya 1,500 ni 450, kwa hiyo serikali inalipa 750. Sasa tuseme mageuzi yanapandisha sehemu ya mpangaji hadi asilimia 35. Atatoa 525, serikali 675. Akiba ni dola 75 kwa mwezi, 900 kwa mwaka. Kaya 1,000 za aina hiyo, 900,000.

Hapo ndipo vijana hufunga daftari na kwenda kunywa chai. Subiri kwanza. Kaya zote 1,000 zina kipato? Asilimia 35 ya sifuri ni sifuri, na ya pesa kidogo ni pesa kidogo. Bibi anayeishi kwa kipato cha dola 600 hutoa 180, atatoa 210. Serikali inapata 30 kutoka kwake. Yule anayefanya kazi hoteli na kupata 2,000 anaongezewa 100. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa akiba hiyo unatoka kwa wanaofanya kazi, watu walewale ambao mageuzi yanadai kuwatia moyo. Zamani kila dola 100 ya nyongeza ya mshahara ilimwongezea kodi ya dola 30. Sasa itamwongezea 35. Wengine wataona saa za ziada hazilipi. Hilo nalo liandike pembeni kwa penseli nyepesi, maana kipimo chake kinabishaniwa, lakini mwelekeo wake unajulikana.

Kwa sababu hiyo sizidishi wastani kwa idadi. Nagawa kaya katika mafungu matatu au manne ya kipato, napiga kila fungu peke yake, kisha najumlisha.

Mwaka wa kwanza hudanganya

Sheria ikianza leo, pesa hazianzi leo. Kipato cha mwenye vocha hukaguliwa kwa kawaida mara moja kwa mwaka, kila mtu na mwezi wake. Kama kanuni mpya inamgusa mtu siku ya ukaguzi wake, wa mwezi wa kwanza anatoa nyongeza mwaka mzima, wa mwezi wa mwisho anatoa ya mwezi mmoja. Zile 900,000 zinakuwa kama nusu mwaka wa kwanza. Kumbuka pia kwamba mwaka wa fedha wa Marekani huanza 1 Oktoba na wetu 1 Julai; ukichanganya kalenda utapata akiba ya miezi mitatu ambayo haikuzaliwa.

Kikomo cha miaka 2 ni kibaya zaidi kwa mwenye haraka. Saa ya kila mtu ikianza kuhesabiwa siku sheria inapoanza, hakuna anayetoka mwaka wa kwanza wala wa pili. Akiba ni sifuri, na gharama zinaanza papo hapo: mtu wa kuhakiki nani ana nguvu za kazi na nani mgonjwa, fomu, rufaa, mfumo wa kompyuta. Mwaka wa tatu mstari unaruka kama panzi.

Hapo ndipo ninapogombana na utaratibu wetu wenyewe. Sheria yetu ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 inataka kila muswada uende bungeni na hati ya athari za kifedha kutoka kwa waziri, yenye makadirio ya mapato na matumizi ya muda usiopungua miaka 2. Ni kifungu kizuri, na ukiwa na swali kuhusu muswada wowote anza kwa kuiomba hati hiyo kwa mbunge wako. Lakini miaka 2 kwa mambo ya nyumba ni kama kumpima mtoto urefu kabla hajasimama. Ofisi ya Bajeti ya Kongresi, bunge la kule Marekani, kwa kawaida huonyesha miaka 10, mwaka kwa mwaka. Kwenye daftari chora safu kumi hata kama hati inakupa mbili.

Ni fungu au ni haki?

Hapa ndipo nilipokaa na mdogo wangu muda mrefu zaidi, chai ikapoa.

Kuna misaada ya aina mbili. Moja ni haki: ukitimiza masharti unalipwa, na hazina itatafuta pesa. Msaada wa kodi wa Uingereza uko hivyo. Mwingine ni fungu: bunge linatenga kiasi, kikiisha kimeisha, na waliobaki wanapanga foleni. Vocha za Marekani ni za fungu. Katika kaya zenye sifa ya kupata, ni kama moja kati ya nne tu inayopata. Nyingine zinasubiri, kwingine miaka.

Sasa fikiria jikoni kwenye msiba. Ukipunguza upawa wa kila mgeni, unga haubaki ghalani. Wanakula waliokuwa wamesimama mlangoni. Unga hubaki pale tu mwenye ghala alipopima kidogo asubuhi. Vivyo hivyo, kumpandishia mpangaji sehemu yake kutoka 30 hadi 35 hakuokoi hata senti moja ya bajeti ya msaada wa fungu, isipokuwa bunge nalo lipunguze fungu kwa kiasi hichohicho. Lisipopunguza, pesa zilezile zinafikia kaya zaidi. Hilo laweza kuwa jambo jema, lakini si akiba, na usikubali mtu akuuzie yote mawili kwa mpigo mmoja: kwamba nakisi itapungua na foleni itapungua. Achague moja.

Kwa msaada wa haki mambo yanageuka: ukibana kanuni, matumizi yanashuka yenyewe. Uingereza mwaka 2011 kikomo cha kodi kwa wapangaji wa nyumba za watu binafsi kilishushwa kutoka kodi ya katikati hadi kiwango ambacho nyumba 30 tu kati ya 100 za eneo hupatikana kwa kodi isiyokizidi, na kati ya 2016 na 2020 kikagandishwa. Aprili 2013 wapangaji wa nyumba za umma wenye chumba cha ziada walianza kukatwa asilimia 14 ya kodi inayotambuliwa, vyumba viwili au zaidi asilimia 25.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayetaja akiba: hili ni fungu au ni haki? Akibabaika, hajapiga hesabu.

Nilivyoumbuka

Nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Safu ya tatu ya daftari langu, inayoitwa "Nani kalipa?", niliipata kwa aibu.

Nilikuwa karani wa hesabu katika wilaya moja ya mashariki. Ofisi ilikuwa inapanga nyumba 14 za wauguzi kwa shilingi 150,000 kila moja kwa mwezi. Wazo likaja: tuache kupanga, tumpe kila muuguzi posho ya 100,000 atafute mwenyewe. Nikapiga hesabu jioni moja. Kushoto 25,200,000 kwa mwaka, kulia 16,800,000. Akiba 8,400,000. Mkubwa wangu akanisifu mbele ya kikao, nikapewa soda.

Mwezi wa pili wakaja wenye nyumba sita na mikataba yao mkononi, imebaki miezi mitano. Sita mara tano mara 150,000: 4,500,000. Bado ninafuta jasho, wakaja wauguzi tisa waliokuwa wanakaa katika nyumba za serikali, zile za mabati yanayovuja. Walisikia wenzao wanapewa posho. "Na sisi je?" Hapakuwa na jibu la kuwapa. Tisa mara 100,000 mara 12: 10,800,000.

Kaa chini uitoe mwenyewe. Ile akiba ya 8,400,000 ikawa hasara ya 6,900,000. Mkubwa alishika karatasi akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, "Mama, hii alama ya kutoa imetoka wapi?"

Tangu hapo, mageuzi yakija, kabla ya zidisho lolote nauliza mambo mawili: mikataba gani bado inaishi, na nani ambaye hakuwa kwenye orodha atakuja mlangoni kanuni ikibadilika. Wamarekani wana maneno marefu kwa hilo la pili. Mimi nawaita wale wauguzi tisa.

Safu ya tatu: nani kalipa?

Pesa ikitoka kwenye fungu moja huwa haijafa. Angalia imehamia wapi. Familia iliyoshindwa kodi inalala mahali fulani, na mahali hapo pana bili. Halmashauri za England zilitumia zaidi ya pauni bilioni 2 kwa makazi ya muda katika mwaka wa 2023/24. Sisemi yote yalitokana na kikomo kile cha kodi, sababu ni nyingi, upungufu wa nyumba ukiwamo. Lakini aliyepima akiba ya hazina kuu bila kuangalia bili ya halmashauri alipima nusu ya mfuko.

Mwenye nyumba naye ana mstari wake. Mimi nina vyumba vinne, 120,000 kila kimoja, jumla 5,760,000 kwa mwaka. Ushuru wa mapato ya kodi kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kinachozidi 2,820,000. Kwangu kinachozidi ni 2,940,000, kwa hiyo nalipa 352,800. Vyumba viwili vikikaa wazi mwaka mzima, nabaki na 2,880,000, na ushuru wangu unashuka hadi 7,200. Ndiyo, elfu saba na mia mbili. Serikali inayolipia wapangaji kodi hurudishiwa kidogo kwa mlango wa nyuma, na ikiacha kulipa, mlango huo nao unafungwa. Tena haufungwi taratibu, kwa sababu ya kile kiwango kisichotozwa.

Ukiuza au kuvunja nyumba za umma, safu hii ndiyo huwa ndefu kuliko zote. Julai 2011 nyumba za Nakawa na Naguru zilivunjwa kupisha mji mpya, familia zaidi ya 1,700 zikaondoka, na miaka mingi ikapita bila mji huo kusimama. Kwenye daftari, bei ya ardhi na kodi mpya usiziandike mwaka wa kwanza kwa sababu tu zimeahidiwa. Ziandike mwaka unaoamini fundi atakuwa ameezeka.

Fungu lililogandishwa

Mkupuo kwa majimbo unaonekana mpole kwa sababu siku ya kwanza hakuna anayekatwa, kama kiasi hakijashushwa. Jaribu hii. Jimbo linapewa milioni 120 kila mwaka, haziongezeki. Kodi ya mlango ni 1,000,000 kwa mwaka, kwa hiyo milango 120. Kodi ikipanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 10 mlango mmoja ni kama 1,629,000. Gawanya: milango 73. Hakuna aliyepiga kura ya kuwaondoa wale 47.

Akiba ya namna hii ni ya kweli kabisa katika vitabu vya hazina, na inakua kila mwaka bila kelele. Ndiyo maana wanaopenda kukata huipenda. Ukitaka kujua kama fungu limegandishwa, tafuta katika pendekezo neno lolote linaloliunganisha na bei za kodi. Lisipokuwepo, shusha milango kwa asilimia yako kila mwaka.

Ilipofika saa kumi mjukuu aliamka akanikuta na daftari lake, akalalamika kwamba nimemaliza kurasa sita. Mdogo wangu alikuwa bado yuko kwenye simu. Nilimweleza kwamba bajeti ya rais ni pendekezo, pesa hutengwa na Kongresi, na kwamba hata sehemu ya kodi anayotoa yeye ikipanda hadi asilimia 35, itamfika kwa utaratibu. Nikamuuliza ukaguzi wake wa kipato ni mwezi gani.

"Machi."

"Basi andika Machi kwenye daftari lako, na uweke pembeni zile dola 75."

"Dada, 75 ni za jirani," akasema. Kisha, baada ya kimya, akanitajia kipato chake.